Moto wa Plagi katika Pikipiki za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wenye pikipiki za zamani wanaoishi Nakuru, Kisumu na magharibi ya Kenya: Honda za CG na XL, Yamaha za DT na AG, Suzuki A100, pamoja na BSA na Triumph chache za Uingereza ambazo bado zimehifadhiwa katika maboma ya wazee. Yanahusu moto wa plagi, yaani umeme unaowasha petroli ndani ya silinda, na mambo ya karibu yanayodhaniwa kuwa ni moto wakati siyo. Msimamo unaoongoza majibu yote ni kwamba kipimo hutangulia na spea hufuata. Vipuri asilia vya mashine hizi vimeadimika, na inasikitisha kuona koili nzima, yaani kifaa kinachoongeza volti za moto, ikitupwa kwa sababu ya waya mmoja uliooza chini ya tangi.

Pikipiki imekataa kuwaka kabisa. Nianzie wapi?

Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni la moto kweli. Injini ya petroli inahitaji mchanganyiko wa petroli na hewa, kompresheni ya kutosha, na cheche inayotokea kwa wakati wake. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havina kazi. Vuta choki, piga kiki mara kadhaa, kisha fungua plagi uitazame. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika na una sababu ya kushuku moto. Ikiwa ni kavu kabisa, tazama tangi, bomba la petroli na kabureta kabla ya kugusa waya wowote.

Baada ya hapo, chukua plagi nyingine unayoijua kuwa nzima, ivalishe kofia ya plagi, na uilaze ili chuma chake kiguse sehemu ya injini isiyo na rangi wala kutu. Ziba tundu la silinda kwa kitambaa na uiweke plagi mbali nalo, kwa maana mvuke wa petroli unaotoka humo unaweza kushika moto. Piga kiki ukiwa kivulini. Cheche nzuri ni ya buluu, ni nene, na mlio wake unasikika; cheche nyembamba ya manjano au nyekundu ni dalili ya udhaifu. Usipige kiki huku waya wa plagi ukining'inia bila kugusa chuma, hasa katika pikipiki yenye CDI (mfumo wa moto wa kielektroniki), kwa sababu umeme usiokuwa na njia ya kutokea hujitafutia njia ndani ya koili yenyewe na kuitoboa. Wala usiushike waya huo kwa mkono.

Cheche ninaiona nje, lakini injini haishiki. Inawezekanaje?

Inawezekana sana, na hapa ndipo watu wengi hupotezea siku nzima. Nje ya silinda, cheche inaruka katika hewa ya kawaida. Ndani, mchanganyiko umegandamizwa, na hewa iliyogandamizwa hupinga umeme zaidi, kwa hiyo koili inatakiwa kutoa volti nyingi kuliko zile ulizoziona zikifanya kazi nje. Koili iliyochoka inaweza kuruka nafasi ya milimita 0.6 kwenye plagi mkononi mwako, kisha ikashindwa kabisa mara tu plagi inaporudishwa mahali pake.

Kipimo cha haki ni kuilazimisha cheche iruke nafasi kubwa zaidi. Chukua plagi kuukuu, kata ule mkono wa chuma ulioinama juu ya ncha ya katikati, kisha ishikilie kwenye injini kwa kibanio. Sasa cheche italazimika kuvuka kutoka katikati hadi ukingoni. Mfumo wenye afya huruka takriban milimita 6 za hewa bila kusuasua. Ikiwa cheche inavuka vizuri na injini bado haishiki, acha kushuku nguvu ya moto na uanze kushuku wakati wake, ambao unajibiwa mbele katika swali kuhusu kiki inayorudisha mguu.

Plagi inakuwa nyeusi kila wiki. Je, moto ni dhaifu?

Huenda, lakini kwa anayeishi Nakuru na sehemu zilizo juu zaidi, kuna jambo la kutazamwa kabla ya moto. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Nakuru takriban mita 1,850. Shinikizo la hewa Nakuru liko chini ya lile la pwani kwa karibu moja ya tano. Kabureta iliyotegwa kiwandani kwa ajili ya nchi za chini itaendelea kumwaga petroli kwa kipimo kilekile ilhali hewa imepungua, na petroli isiyopata hewa ya kuungua nayo huacha masizi meusi makavu juu ya plagi. Masizi hayo hupitisha umeme. Volti huteremkia ndani yake badala ya kuruka kwenye nafasi, cheche inafifia, na mwenye pikipiki anaambiwa anunue koili.

Dawa iko kwenye kabureta: jeti kuu, yaani kitundu kinachopitisha petroli, iwe ndogo kwa kipimo kimoja au viwili, na klipu ya sindano ipandishwe ngazi moja ili sindano ishuke. Chujio la hewa lililojaa vumbi huleta dalili zilezile, na vumbi la Nakuru wakati wa kiangazi halihitaji kuelezwa. Ikiwa plagi ina unyevunyevu wa oili badala ya masizi makavu, hiyo ni habari nyingine: katika injini ya two-stroke tazama kipimo cha oili inayochanganywa, na katika injini ya four-stroke tazama ringi na miongozo ya valvu.

Baadhi ya watu hutatua weusi kwa kuweka plagi ya joto zaidi. Ni njia inayofaa tu ikiwa plagi iliyopo si ile iliyoelekezwa na mtengenezaji. Kumbuka pia kwamba namba hazisomwi kwa namna moja: kwa NGK, namba ndogo ni plagi ya joto zaidi, kwa hiyo B7HS ina joto kuliko B8HS, ilhali kwa Champion mpangilio huo hugeuka. Plagi yenye joto kupita kiasi katika pikipiki inayobeba mzigo kupanda Timboroa inaweza kutoboa pistoni.

Petroli mbaya inaweza kuonekana kama tatizo la moto?

Ndiyo. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haiwaki kwa urahisi injini ikiwa baridi, na huacha plagi imelowa na chafu. Tangu 2018, serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, faida ya kuchanganya ilipungua sana, lakini petroli inayouzwa kwa chupa kando ya barabara bado haina wa kuidhamini. Petroli iliyokaa tangini kwa miezi mingi nayo hupoteza sehemu yake nyepesi inayowaka haraka. Mwaga ya zamani, weka mpya kutoka kituo unachokiamini, safisha plagi, kisha ndipo upime moto.

Pointi husafishwa na kutegwa vipi?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu pikipiki nyingi za kabla ya miaka ya 1980 hutegemea pointi, na pointi zilizotegwa kwa uangalifu huondoa sehemu kubwa ya malalamiko yanayoletwa.

Pointi ni swichi ndogo inayofunguliwa na kamu, kipande chenye mbenuko kinachozungushwa na injini. Zikiwa zimefungwa, umeme unapita katika uzi mnene wa ndani ya koili na kujenga usumaku. Zinapofunguka, usumaku huo huanguka ghafla, na katika kuanguka kwake huzalisha maelfu ya volti katika uzi mwembamba unaoelekea kwenye plagi. Cheche hutokea wakati wa kufunguka, wala si wakati wa kufunga. Mtu akilielewa hilo, mengine yote kuhusu pointi yanafuata yenyewe: uso mchafu hupunguza umeme unaoingia kwenye koili, na nafasi isiyo sahihi hubadilisha wakati wa kufunguka.

Zungusha injini taratibu kwa mkono, plagi ikiwa imetolewa ili isikupe upinzani, hadi pointi zifunguke kwa upana wao wote. Tazama nyuso zake kwa tochi. Rangi ya kijivu iliyosawazika ni nzuri. Rangi ya buluu iliyoungua, au shimo upande mmoja na kilima upande wa pili, inaelekeza kwenye kondensa, inayoelezwa katika swali linalofuata. Ukiona uchafu mdogo, pitisha tupa laini ya pointi mara chache huku ukiishika sambamba na nyuso, ili zikutane bapa. Msasa wa kawaida haufai, kwa kuwa chembe zake hujichimbia ndani ya chuma na kukaa humo. Malizia kwa kuvuta kipande cha karatasi safi ngumu kilicholowekwa petroli kidogo katikati ya pointi zilizofungwa, kisha kingine kikavu, mpaka karatasi itoke bila alama. Hata pointi mpya zinahitaji kufutwa hivi, kwa kuwa hutoka kiwandani na utando wa oili wa kuzuia kutu, na utando huo peke yake umewahi kufanya pikipiki nyingi zionekane zimekufa mara tu baada ya pointi kubadilishwa.

Sasa pima nafasi kwa visu vya kupimia, yaani vibamba vyembamba vyenye unene unaojulikana. Pikipiki nyingi za Kijapani zinataka milimita 0.3 hadi 0.4, na wengi hutega 0.35. Magneto za Lucas, ambazo huzalisha moto bila betri, zinataka inchi 0.012, sawa na milimita 0.30, na mifumo ya Lucas ya betri na koili inchi 0.015, sawa na milimita 0.38. Kisu kinatakiwa kupita kwa kugusa pande zote mbili bila kusukuma pointi zifunguke zaidi. Kaza skurubu, kisha upime tena, kwa kuwa kukaza mara nyingi huisogeza sahani kidogo.

Usisahau kisigino cha pointi, kile kipande cha plastiki au faiba kinachogusa kamu. Kinapolika, nafasi hupungua na cheche huchelewa. Grisi kidogo sana isiyoyeyuka kwa joto, ipakwe kwenye kitambaa kinachofuta kamu, huongeza maisha ya kisigino. Ikizidi, itarushwa juu ya pointi na utarudi ulikoanzia.

Kondensa hufanya kazi gani, na nitajuaje kuwa imekufa?

Pointi zinapofunguka, umeme hutaka kuendelea kuruka katika nafasi inayoanza kupatikana. Kondensa huupokea umeme huo kwa muda mfupi, pointi zinafunguka bila kuungua, na usumaku wa koili unaanguka kwa haraka inayotakiwa. Kondensa ikifa, utaona cheche kubwa za buluu kwenye pointi zenyewe huku plagi ikitoa cheche hafifu. Ikiwa imeungana ndani, hutapata moto kabisa, kwa kuwa umeme wote unaingia chasi.

Mita nyingi za umeme zinazouzwa sasa hupima kapasitansi. Ondoa waya wa kondensa kabla ya kupima. Kondensa ya pikipiki kwa kawaida husoma takriban maikrofaradi 0.2 hadi 0.3. Kondensa inaweza kusoma vizuri ikiwa baridi na kushindwa ikiwa moto, kwa hiyo ipime pia baada ya injini kupata joto.

Ikiwa kondensa asilia haipatikani, kondensa ya gari ya zamani yenye kipimo cha karibu inafanya kazi hiyohiyo. Ninashauri ifungwe nje ya injini, karibu na koili chini ya tangi, waya wake uunganishwe na ule unaotoka kwenye pointi, na mwili wake ukazwe kwenye chuma safi cha chasi. Huko hakuna joto la injini, na joto ndilo linaloua kondensa nyingi.

Pikipiki inawaka asubuhi vizuri, kisha inazima ikipata joto na haiwaki mpaka ipoe. Ni nini?

Dalili hii huwapata hasa wanaopanda kutoka Ahero kwenda Kericho wakiwa na mzigo, wakati injini inafanya kazi nzito kwa mwendo mdogo na hewa ya kuipoza ni kidogo. Washukiwa ni watatu: kondensa, koili ya plagi, na koili ya stata (sehemu isiyozunguka) inayolisha moto chini ya flaiwili, lile gurudumu lenye sumaku linalozunguka na krenki. Uzi mwembamba wa shaba hutanuka kwa joto, na mahali palipokatika kidogo panapoachana, umeme unakatika. Ukipoa, ncha zinagusana tena na mashine inawaka kana kwamba haikuwahi kuugua.

Kabla ya hayo yote, ikizima, fungua kifuniko cha tangi. Ikiwa hewa inaingia kwa mlio na pikipiki inawaka baada ya muda mfupi, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba na tatizo lilikuwa petroli isiyoshuka. Jaribio hilo halina gharama, na limewaokolea watu koili nyingi.

Ikiwa si kifuniko, pima cheche papo hapo barabarani, injini ikiwa bado ya moto, kwa kuwa ushahidi unapotea mashine inapopoa. Beba plagi ya akiba na spana yake kwa kusudi hilo. Nyumbani, pima ukinzani wa kila koili ikiwa baridi, andika namba, kisha pima tena mara tu baada ya mwendo. Shaba huongeza ukinzani kidogo inapopata joto, na hilo ni jambo la kawaida. Namba inayoruka mara dufu au mita inayoonyesha njia iliyokatika ndiyo hukumu.

Koili ya plagi hupimwa vipi?

Koili ina njia mbili. Njia ya uzi mnene hupimwa kati ya vituo vyake vidogo, au kati ya kituo kimoja na chuma cha koili, na katika mifumo ya pointi husoma takriban omu 1 hadi 2 kwa koili nyingi za volti 6, na takriban omu 3 hadi 5 kwa nyingi za volti 12. Njia ya uzi mwembamba hupimwa kati ya waya wa plagi na chuma, na husoma maelfu ya omu, mara nyingi kati ya 5,000 na 15,000. Koili za CDI zina ukinzani mdogo zaidi katika njia ya kwanza, aghalabu chini ya omu 1, na kwa hiyo haziwezi kubadilishana na koili za pointi hata kama zinafanana kwa sura. Gusanisha kwanza ncha za mita na uondoe namba inayosomwa, kwa kuwa kwenye omu moja kosa la nyaya za mita ni kubwa.

Vua kofia ya plagi unapopima njia ya pili, kisha uipime kofia peke yake. Kofia nyingi zina ukinzani wa takriban omu 5,000, na ukiikuta inasoma makumi ya maelfu au haisomi kabisa, umepata ugonjwa kwa bei ndogo kuliko zote. Kagua pia ncha ya waya ndani ya kofia. Shaba iliyogeuka kijani huondolewa kwa kukata milimita 5 za waya na kuskrubia kofia upya kwenye shaba safi.

Koili ya volti 6 ikifungwa kwenye mfumo wa volti 12 hupata joto na kuunguza pointi. Ya volti 12 kwenye mfumo wa volti 6 hutoa cheche dhaifu. Pikipiki nyingi zilizogeuzwa taa kuwa za volti 12 bila koili kuangaliwa zinaishi na hali hiyo ya kwanza.

Kwa nini inakataa kuwaka wakati wa mvua au baada ya kuoshwa?

Maji machafu hupitisha umeme, na volti za plagi ni nyingi kiasi kwamba hutambaa juu ya plastiki yenye unyevu hadi kwenye chuma. Kakamega na Kericho, ambako mvua ni ya mara kwa mara, na Kisumu, ambako unyevu wa ziwa hauondoki kabisa, kofia iliyopasuka kidogo haijifichi. Subiri giza, washa injini, na uitazame kofia, waya na koili bila tochi: mahali umeme unapotoroka utaona nyuzi nyembamba za buluu zikicheza. Umeme ukishapita njia moja kwa muda, huacha mstari wa kaboni ambao haufutiki kwa kupangusa, na kofia yenye mstari huo inatupwa.

Badilisha mpira wa kofia, paka grisi ya silikoni ndani yake, na ukague gasketi ya kifuniko cha pointi. Anayeosha pikipiki kwa mashine ya presha aelekezwe asipige maji moja kwa moja kwenye kifuniko cha flaiwili wala chini ya tangi.

Kiki inarudisha mguu kwa nguvu, au silensa inapiga mlio. Tatizo ni taimingi, yaani wakati wa cheche?

Kiki inayorudisha mguu kwa kawaida maana yake ni kwamba cheche inatangulia mno. Silensa inayopiga mlio inaweza kumaanisha kwamba inachelewa, au kwamba inakosekana mara moja moja na petroli isiyoungua inawakia kwenye bomba. Tega kwanza nafasi ya pointi, kwa sababu nafasi ikipanuka cheche inatangulia na ikipungua inachelewa; kugusa taimingi kabla ya nafasi ni kufanya kazi mara mbili.

Honda nyingi zina alama mbili kwenye flaiwili: T, pistoni ikiwa juu kabisa, na F, mahali cheche inapotakiwa kutokea injini ikienda polepole. Katika mfumo wa betri, unganisha balbu ndogo kati ya waya wa pointi na chasi, washa swichi, na uzungushe injini kwa mwelekeo wake wa kawaida. Balbu inapaswa kuwaka pale F inapofika kwenye kielekezi. Ikiwaka kabla au baada, legeza sahani ya pointi na uisogeze. Katika mfumo wa flaiwili magneto balbu haitakusaidia. Tumia karatasi nyembamba ya sigara, uibane kati ya pointi na kuivuta kwa wororo huku ukizungusha, na pale inapoachiliwa ndipo pointi zinapofunguka. Kwa injini za two-stroke, watengenezaji wengi hutoa kipimo kwa milimita za pistoni kabla ya kufika juu, na hicho hupimwa kwa geji ya saa (kipimo chenye uso na mshale kama wa saa) kupitia tundu la plagi.

Ikiwa taimingi ilikuwa nzuri jana na leo imeharibika ghafla, shuku ufunguo mdogo wa chuma unaoshikilia flaiwili kwenye krenki. Ukikatika, flaiwili huteleza na alama zote zinasema uongo. Flaiwili hutolewa kwa pula yake, yaani kifaa cha kuivutia, peke yake. Nyundo hupasua au kulegeza sumaku zilizomo ndani, na flaiwili ya DT ya zamani si kitu cha kupatikana kesho katika soko la Kibuye, Kisumu.

Moto umepotea kabisa, hakuna hata cheche moja. Niangalie nini kwanza?

Swichi ya kuzimia kwenye usukani, kisha swichi ya ufunguo, kisha nyaya zinazopita kwenye shingo ya usukani, ambako hujikunja kila unapogeuza. Katika mifumo ya magneto na CDI nyingi inayojilisha kutoka kwenye stata, injini huzimwa kwa kuunganisha waya mmoja na chasi. Kwenye Honda nyingi waya huo ni mweusi wenye mstari mweupe. Uchomoe, kisha upime cheche. Ikirudi, koili na CDI ni nzima na tatizo liko kwenye swichi au waya uliochubuka. Fahamu kwamba katika hali hiyo ufunguo hautazima injini, kwa hiyo uwe tayari kuurudisha waya au kuizima kwa gia na breki.

Kagua pia athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chasi. Chasi iliyopakwa rangi upya kwa upendo mwingi mara nyingi imefunika kwa rangi mahali koili inapokazwa. Kwangua rangi hapo hadi chuma king'ae.

Babu yetu aliacha BSA ambayo haijawashwa kwa miaka mingi. Inaweza kupata moto tena?

Mara nyingi inaweza, na inastahili subira. Jueni kwanza ina mfumo gani. BSA A7 na A10 zenye magneto ya Lucas K2F hujizalishia moto bila betri, kwa hiyo betri iliyokufa si kikwazo cha kuwasha. Fungueni kifuniko cha pointi, msafishe na kutega kwa inchi 0.012. Kisha toeni vishikio vya nyaya za plagi ubavuni mwa magneto, mwingize kitambaa safi chenye petroli kidogo kwa kijiti cha mbao, na kuzungusha injini taratibu ili pete iliyo ndani isafishike. Vumbi la kaboni la miaka mingi hupeleka moto kwenye chuma. Kagueni brashi za kaboni na springi zake. Chomoeni waya wa kuzimia wakati wa kupima.

Ikiwa baada ya hayo cheche ipo injini ikiwa baridi na inapotea ikipata joto, kondensa iliyofungwa ndani ya ameicha (sehemu inayozunguka ndani ya magneto) imechoka, na hiyo ni kazi ya fundi anayejua kusuka magneto. Asiyejua asiitoe ameicha nje, kwa kuwa sumaku zinaweza kupoteza nguvu zinapoachwa wazi. BSA na Triumph nyingi za betri za miaka ya 1950 na 1960 zina athi chanya: upande wa + wa betri ndio unaoingia kwenye chasi. Aliyezoea Honda akifunga kinyume anaweza kuunguza rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme ili uchaji betri) kabla hajapiga kiki hata mara moja.

Je, niondoe pointi na kuweka CDI?

Kwa pikipiki ya kazi ya kila siku, hasa CG, ni uamuzi wa busara. Injini nyingi za Kichina zinazobeba bodaboda zilinakiliwa kutoka Honda CG125, na spea zake zimejaa kila mji. Hata hivyo flaiwili, stata, koili na CDI huenda pamoja kama seti, na mchongoko wa ncha ya krenki lazima ulingane na flaiwili mpya. Pima kabla ya kununua. Kwa pikipiki inayohifadhiwa kama ilivyotoka kiwandani, ninashauri pointi zibaki. Zinarekebishika barabarani kwa bisibisi na karatasi, jambo ambalo CDI iliyoungua haikupi. Atakayebadilisha aweke vipuri vya asili ndani ya boksi kavu lenye jina la pikipiki.

Nitaitambuaje plagi bandia?

Tazama maandishi kwenye kauri: ya halisi ni makali na hayafutiki kwa kucha. Ncha ya katikati iwe katikati kweli, wosha isivuliwe kwa urahisi, na uzi wa skurubu uwe laini. Plagi yenye herufi R ipimwe kwa mita kutoka juu hadi ncha ya katikati. Isome maelfu ya omu. Ikisoma sifuri, maandishi yake si ya kweli. Nafasi upime mwenyewe hata kama plagi ni mpya: milimita 0.6 hadi 0.7 kwa Honda nyingi ndogo, na takriban 0.5 kwa zenye magneto.

Ni wakati gani nimpelekee fundi, na nimwambie nini?

Mpelekee kazi inayohitaji pula ya flaiwili, kusuka koili, au geji ya saa usiyokuwa nayo. Mweleze dalili kwa mpangilio: inazima ikiwa baridi au ya moto, wakati wa mvua au kiangazi, kwa mwendo mdogo au mkubwa, na plagi ilikuwa na rangi gani. Mkabidhi namba za mita ulizoandika. Mafundi wa jua kali wa Kondele, Kisumu, na wa Nakuru wamerudisha barabarani mashine zilizokatiwa tamaa, lakini mtu anayeambiwa tu kwamba "haina moto" hulazimika kuanza kubahatisha, na kubahatisha hulipiwa na mwenye pikipiki. Kubaliana naye kabla ya kazi kwamba kila kipuri kitakachotolewa utarudishiwa mkononi, kiwe kibovu au kizima, nawe ukifika nyumbani ukipime.